Shemeji Elube Hapokei Kitu

Ukitaka kumharibia siku shemeji yangu Elube, usimtukane wala usimsengenye. Mpelekee tu sahani ya maharage yaliyoiva vizuri, umwambie, "Nimekukumbuka," halafu uondoke. Hujafika kwako, yuko nyuma yako anahema, ameshika sahani yako ile ile, na ndani yake viazi vimejaa hadi vinadondoka njiani.

Mimi naitwa Laitoni Masula. Elube aliolewa na kaka yangu Kenani, na Kenani alipotutoka, huu mwaka wa nane, nilibaki kuwa jirani yake, mzee wa kanisa katika mtaa wetu, na mtani wake. Huku kwetu juu Tsangano, shemeji asipotaniwa hudhani amechukiwa. Kwa hiyo nitakayoyasema hapa nayasema kwa haki yangu, na yeye mwenyewe anayajua, maana nimemsomea. Amesahihisha pawili. Pa tatu alitaka nipafute, nikakataa.

Tabia hii haikuanza juzi. Kenani alipokuwa anamchumbia alimpelekea kitenge. Kesho yake akaja mtu wa kwao ameshika jogoo. Kenani akadhani jogoo ni salamu, akapeleka sabuni mbili za kunukia. Akaja tetea. Akapeleka chumvi, ukaja mkeka. Mwezi mzima kaka yangu hajui kama amekubaliwa au amekataliwa, na uwanja wetu umejaa kuku wa ugenini. Mama yetu ndiye aliyekata shauri.

"Muoe upesi huyo msichana," alisema. "Ukichelewa tutakosa pa kulala sisi."

Kwa kutoa, nisimpunje, Elube hana mwenzake mlima mzima. Mtu akilazwa, uji wa Elube umefika kabla ya dawa. Paa la mtu likivuja, utamwona anakuja na mzigo wa nyasi kichwani, miguu tu ndiyo inaonekana. Jumapili ya shukrani, ile ya mwezi wa saba baada ya mavuno, boga lake ndilo la kwanza kufika mbele ya kanisa, na ndilo kubwa. Na Bibi Falesi, mjane wetu mkongwe anayekaa peke yake karibu na kisima, macho yake yakiona vivuli tu, hajalala bila unga kwa miaka kumi na moja. Unga huo unatoka kwa Elube, kila Jumatano.

Lakini mpe yeye kitu, uone. Hata lile neno zikomo, yaani asante, ambalo kwetu mtoto hufundishwa kabla hajajua kutembea, yeye lilikuwa linamkwama. Ukimpa kitu atasema, "Sasa ya nini kujisumbua?" au "Si ungebaki nacho?" Na macho tayari yanazunguka nyumba kutafuta cha kukurudishia.

Mchungaji wetu, Abusa Kachingwe, alipohamishiwa kwetu, mkewe hakuonywa. Kazi ya kumwonya ilikuwa yangu, lakini nakiri nilitaka kuona. Mama mchungaji akampelekea Elube boga. Jioni Elube akapeleka maboga mawili. Mama mchungaji ni mwanamke wa Zomba mwenye adabu zake, akaona aibu, akapeleka matatu na majani yake. Ikafika wiki ya tatu, maboga yanapanda na kushuka mlima, mengine tumeshayajua kwa sura. Mwishowe Abusa Kachingwe akasimama wakati wa matangazo, baada ya habari za choo cha kanisa.

"Wapendwa," alisema, "katika mtaa wa juu kuna vita ya maboga. Naziomba pande zote mbili ziweke silaha chini. Nyumbani kwangu tumekula boga siku kumi na tisa."

Kanisa lilicheka hadi kwaya ikakosa pa kuanzia. Elube hakucheka. Tulipotoka nje akanivuta mkono.

"Shemeji, la mwisho lilikuwa la nani?"

"Lako."

"Basi sawa," alisema, akaenda zake ametulia kabisa.

Sasa mwaka jana, mwezi wa nne, njia zikiwa bado zinateleza kwa mvua, kulikuwa na msiba mtaa wa pili. Elube alikuwa amebeba ndoo ya maji kwenda huko. Ilikuwa ndoo ya tatu asubuhi ile, na hakuna aliyemtuma. Pale kwenye mteremko wa udongo mwekundu mguu wa kushoto ukatangulia, yeye akabaki, na mfupa chini ya goti ukavunjika. Tulimkuta amekaa kwenye matope, uso umemwiva kwa maumivu.

"Maji yamemwagika yote?" ndilo swali lake la kwanza.

Tulimpeleka hospitali nyuma ya lori la viazi. Wakamfunga plasta kuanzia kwenye vidole hadi pajani, wakamwambia asiukanyage mguu ule kwa miezi mitatu. Daktari, kijana mpole, akamuuliza nani atamsaidia nyumbani.

"Mimi mwenyewe," alisema Elube.

Daktari akanitazama mimi. Nami nikatazama dirisha.

Wanawe wawili wako Joni, wanafanya kazi. Ni watoto wazuri, wanapiga simu, wametuma na blanketi zito la rangi ya zambarau. Lakini kutoka Afrika Kusini huwezi kumchotea mama yako maji. Kwa hiyo mke wangu, Esinati, akahamia kwake, na kina mama wa Mvano, chama cha wanawake wa kanisa, wale wa blauzi nyeupe na sketi nyeusi, wakagawana siku. Huyu kuni, huyu maji, huyu mboga. Kwetu hilo si jambo la kujadiliwa. Mtu akivunjika, anabebwa.

Ila huyu tuliyembeba alikuwa Elube.

Alilala kwenye mkeka karibu na mlango, mguu mweupe umenyooka kama gogo la mkaratusi, na kila aliyeingia na kitu alitoka na kitu. "Esinati, mkamatie kuku." Mtu kaleta fungu la majani ya maboga, anaondoka na kuku. Mtu kaleta togwa, kuku. Abusa Kachingwe alikuja mikono mitupu, akaomba tu na kumtia moyo, akapewa kuku kwa ajili ya maombi. Ndani ya wiki tatu walikwisha wote, akabaki jogoo mmoja anayewika bila sababu, naye hakumaliza mwezi. Zikafuata sahani. Ikafuata sufuria kubwa.

Siku moja naenda kumwona, njiani nakutana na soprano mmoja wa kwaya yetu, kiti kichwani.

"Hicho si kiti cha Elube?"

"Kanipa," alisema, karibu analia. "Nilimpelekea nyanya tu, baba. Nyanya nne!"

Nikaingia ndani.

"Shemeji, unahama?"

"Karibu, kaa."

"Nikae kwenye nini?"

Akapapasa mkeka kando yake. "Kaa kwenye mkeka. Tangu lini ukawa mtu wa viti?"

Mtaa ukakutana baada ya ibada, Elube asijue. Nilikuwa mwenyekiti wa kikao, na naweza kusema sijawahi kuongoza kikao cha ajabu kama hicho, watu wazima tukipanga namna ya kumsaidia mtu bila yeye kutukamata. Tukakubaliana kwamba kuni zitarushwa nyuma ya jiko, na mrushaji akimbie. Maji yaletwe akiwa amelala. Na shamba lake la viazi, ambalo lilikuwa linahitaji kupaliliwa na matuta kupandishiwa udongo, tutakwenda wote alfajiri.

Tulikwenda watu kumi na wanne. Hatukuimba wala kukohoa, hata salamu tulipeana kwa mikono. Jua linatoka, kazi imekwisha, kila mtu amerudi kwake kunawa miguu. Mimi nikanywa chai, nikavaa shati safi, nikaenda kwa shemeji kama mtu asiyejua lolote. Nilimkuta Esinati amemsogeza mlangoni, anatazama shamba.

"Shemeji, nani amelima?"

"Wapi? Ala! Kumbe kumelimwa!"

"Usinichezee, Laitoni. Matuta matatu yale ya kule ni ya Biziwiki, analima kwa mkono wa kushoto, ona udongo ulivyolala. Yale yaliyonyooka ni ya mama mchungaji, anatengeneza tuta kama anasuka nywele. Na hili hapa, lililopinda kama njia ya mbuzi, ni lako."

"Shemeji, giza..."

"Giza gani? Hata mchana kweupe unalima hivyo hivyo. Marehemu kaka yako alikuwa akitazama matuta yako anafumba macho."

Aliwataja watu kumi na wawili kati ya kumi na wanne. Halafu akamgeukia Esinati, akasema neno lililotunyima raha. "Yale magunia ya mbegu kule nyuma, wagawieni. Kila mtu debe moja."

"Dada, hiyo ni mbegu yako ya kupanda," Esinati alisema.

"Nitapata nyingine."

"Utapata wapi, na mguu huo?"

"Nimesema wagawieni."

Hapo hata mimi utani ulinitoka. Nilimwambia, na sauti haikuwa nzuri, kwamba sisi si vibarua wake, kwamba tulikwenda kwa sababu ni yeye, na kama anataka kutulipa basi atuambie kabisa kuwa sisi ni wageni kwake. Akageuzia uso ukutani. Mbegu haikugawiwa, kwa sababu Esinati alikaa juu ya magunia akakataa kuondoka, lakini nyumba ile iliingia baridi kuliko ya nje. Siku mbili hakunitania hata mara moja. Nilizikumbuka hata zile kashfa za matuta.

Mwezi wa sita ukaingia na chiperoni, ule ukungu wa manyunyu usiokwisha, unaopenya hadi kwenye mifupa. Asubuhi moja nilikuwa kwa Elube natengeneza bawaba ya mlango. Tumesalimiana kwa adabu tu, kama watu wa benki. Mara nikasikia fimbo inagonga mawe uani.

"Hodi humu."

Alikuwa Bibi Falesi. Kitenge chake kimelowa hadi kimegeuka rangi. Kutoka kisimani hadi pale mimi huenda napiga mluzi wimbo mmoja na haujaisha. Yeye alikuwa ametoka kwake tangu jua linachomoza.

"Bibi! Mvua hii!" Elube alijiinua kwa viwiko. "Nani amekuleta?"

"Fimbo."

Nilimkalisha mkekani. Akafungua pindo la kitenge, akatoa kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba, akakishika kwa mikono miwili kama tunavyofundishana, akakisogeza mahali sauti ya Elube ilipotoka.

"Nimekuletea yai. Nimelichemsha. Na chumvi ipo, nimeiweka kwenye karatasi, angalia isimwagike."

Elube alitazama lile yai, kisha macho yakaanza ile safari yake ya kuzunguka nyumba. Hakuna kuku. Hakuna sahani. Hakuna kiti. Nikamwona anashika blanketi la zambarau la kutoka Joni, analivuta kutoka miguuni mwake.

"Chukua hili, bibi. Baridi hii itakuua."

Bibi Falesi alilipapasa kwa kidole kimoja, akaondoa mkono.

"La nini?"

"La kujifunika."

"La kujifunika ninalo. Mimi nimeleta yai, sikuja kununua blanketi."

"Bibi, sipendi tu uondoke hivi hivi."

"Hivi hivi vipi? Mikono mitupu?" Bibi Falesi aliweka fimbo chini, na mimi nikaacha kugonga msumari. "Elube. Miaka kumi na moja unaniletea unga. Mimi nimekurudishia nini?"

"Hapana, bibi, wewe ni..."

"Nimekurudishia nini? Sema. Macho yamekwisha lakini masikio ninayo."

"Hakuna."

"Hakuna! Nimekula, nimesema zikomo, nimelala. Unafikiri ilikuwa rahisi? Mimi niliyekuwa na ghala mbili, mume wangu akiwa hai? Siku ya kwanza ulipoondoka na kile kikapu chako nililia mpaka uji ukaungua. Basi nikajifunza. Lakini nikawa namwomba Mungu, siku moja tu, moja, nami nimpelekee Elube kitu. Akakuvunja mguu."

Nilikohoa.

"Laitoni, acha kukohoa. Sisemi amemvunja kwa ajili yangu. Nasema mguu umevunjika, kuku ametaga, nikaona leo ndiyo siku. Nimetembea nimeanguka mara mbili, yai nimelishika juu. Nafika hapa unanitupia blanketi kama unafukuza mbwa."

"Sikutupii, bibi!" Elube alikuwa amebabaika. "Kuku gani kwani? Wewe huna kuku."

"Ni yule wa kijivu. Mama Biziwiki alipewa na wewe, akanipa mimi."

"Basi yai ni langu!"

"Na huyo kuku wewe ulimpata wapi? Ulimtaga?"

Nilitoka nje nikacheka kidogo, nikarudi.

"Sipendi kula cha mtu bure," Elube alisema, taratibu sasa.

"Bure! Na hii mvua inayonyeshea viazi vyako unailipa nini, kuku? Mungu mwenyewe anapokea, Elube. Kila mwezi wa saba anapokea maboga yako. Mwaka juzi lilikuwa limeoza ubavu mmoja, nililisikia harufu kutoka benchi la nyuma. Alikurudishia?"

"Halikuwa limeoza, lilikuwa na doa," alisema Elube. Hapa ni mojawapo ya sehemu alizosahihisha: anasisitiza niandike kwamba lilikuwa doa, na si kubwa.

Matone yalikuwa yanaanguka kwenye ndoo uani. Kisha Elube akaanza kusema, hatazami mtu, anachuna uzi wa blanketi. Mama yake alipofariki, alisema, yeye alikuwa na miaka sita, akalelewa kwa shangazi yake kule bondeni. Pale kila tonge la nsima lilikuwa na maneno yake. Hata siku aliyonenepa kidogo shangazi alimwita mbele ya wageni. "Akanishika shavu, hivi. Akawaambia, 'Mnaona shavu hili? Ni unga wangu.' Kila mgeni akaja akalitazama." Alipotoka pale, alisema, aliapa kwamba hatakuwa tena na kitu cha mtu mwilini mwake.

Miaka thelathini na mitatu nimekuwa shemeji yake, na sikuwa nimelisikia hilo. Sijui kama Kenani alilisikia.

Bibi Falesi akamsogelea. "Shangazi yako bado yupo?"

"Alikufa zamani."

"Mungu amrehemu. Mimi siye yeye. Kula."

Elube akalimenya lile yai. Lilikuwa limeshapoa. Akachovya kwenye chumvi, akala, na Bibi Falesi akageuza sikio kusikiliza kutafuna.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Na kiini?"

"Na kiini, bibi."

"Haya."

"Zikomo," alisema Elube, kwa sauti ndogo mno.

"Sijasikia."

"Si ulisema masikio unayo?"

Basi tulicheka wote watatu, na katikati ya kicheko kile Elube akaanza kulia, si kwa kelele, machozi tu yanamtiririka hadi kwenye ile karatasi ya chumvi. Mimi nilirudi kwenye bawaba yangu nikaitazama kwa makini sana. Hapa ndipo alipotaka nipafute.

Usidhani aliamka kesho yake mtu mwingine. Alikuwa kama mtu anayejifunza lugha ya watu akiwa mzima. Mtu akileta mboga, mdomo unafunguka wenyewe: "Esinati, mkamatie..." Esinati anajibu, "Nimkamate nani?" Kisha, kwa shida, kama anang'oa jino: "Mwambie zikomo." Baada ya wiki mbili alikuwa analitoa mwenyewe. Siku moja alimwona Biziwiki anapita ng'ambo ya bonde, akapaza sauti kutoka mlangoni: "Biziwiki! Nakushukuru kwa yale matuta!" Biziwiki, ambaye maisha yake yote hajawahi kusikia matuta yake yakitajwa kwa wema, alidhani anagombezwa, akajificha nyuma ya mti. Esinati akashuka kwenye magunia, na mbegu ikapandwa kwenye shamba la Elube lenyewe. Kina mama walianza kurudisha sahani moja moja. Kiti kilirudi pia, soprano akikibeba kwa furaha kuliko alivyokichukua.

Plasta ilitolewa wiki moja kabla ya Jumapili ya shukrani. Mguu ulitoka mwembamba kama wa korongo, na hospitali ikampa magongo mawili. Boga hakuwa nalo. Mwaka ule hakuna aliyemtunzia maboga, yaliliwa na mbuzi. Esinati alijitolea kumpa letu.

"Boga la kuazima nimdanganye nani?" Elube alisema. "Nitakwenda nilivyo."

Nilikuwa nimesimama mbele na mzee mwenzangu, tunapokea. Kwaya inaimba, watu wanakuja mtaa kwa mtaa, wanacheza polepole na mizigo yao. Magunia ya mahindi, madebe ya viazi, sungura mmoja aliyetukimbia, mbuzi aliyekataa kabisa kumkaribia Abusa Kachingwe. Mtaa wetu ulipoitwa, watu waligeuza shingo kumtafuta Elube mbele. Hakuwa mbele. Alikuwa wa mwisho kabisa, anakuja na magongo yake, tok, tok, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa amebeba kitu.

Alipofika mbele yangu nikamnong'oneza, "Shemeji, una nini?"

"Sina kitu. Shika."

"Nishike nini?"

"Nishike mimi, mjinga wewe!"

Na akaachia magongo. Sababu ni kwamba kwetu huwezi kushukuru kwa mkono mmoja. Unakunja viganja, unapiga makofi taratibu, pu, pu, pu, na mwanamke anapiga magoti. Magoti hakuweza. Nikasukuma kikapu kwa mwenzangu, nikamkumbatia shemeji yangu kiunoni kama gunia la viazi, mbele ya mchungaji na kanisa zima. Akawageukia watu, akainama alivyoweza, akapiga makofi. Akageukia mezani pa Bwana, akapiga tena. Hakusema neno hata moja. Magongo yalikuwa yamelala sakafuni na hakuna aliyethubutu kuyaokota.

Katika ukimya ule sauti ya Bibi Falesi ikatoka benchi la nyuma, "Ametoa nini? Ametoa nini?"

"Hajatoa kitu, bibi," mtu akamjibu. "Anashukuru."

"Ahaa," alisema Bibi Falesi, akapiga kigelegele ambacho sikujua mtu mwenye meno manne anaweza kukipiga. Kina mama wote wakamfuata. Abusa Kachingwe alikuwa na mahubiri ya kurasa sita kuhusu shukrani, tukadhani sasa ataziweka mfukoni. Hakuziweka. Alihubiri zote sita.

Leo mguu umepona, ila umekuwa mfupi kidogo, anatembea kama anamsalimia kila anayepita. Unga wa Jumatano umeendelea. Siku hizi anakaa pale kwa Bibi Falesi, anakula naye, wanasengenya, mimi nikiwa mada.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni ile Jumapili tulipotoka kanisani. Mlima ulikuwa mrefu kwake. Biziwiki akaleta baiskeli yake, tukamkalisha Elube nyuma, Biziwiki akashika usukani na mimi nikasukuma. Mlangoni mama mchungaji alimwekea karanga za kuchemsha mapajani, na Elube akasema zikomo bila kukwama. Njia nzima alikuwa anatuamuru: "Kushoto, Biziwiki! Huku kuna jiwe. Sukuma, shemeji, au umelala?" na anatafuna. Maganda yalikuwa yananiangukia kichwani na ndani ya kola ya shati langu la Jumapili. Hakumpa mtu hata punje moja. Mimi nilikuwa na njaa, jasho linanitoka katika baridi ile, na sikuwa nimefurahi namna hiyo tangu Kenani atutoke.